Kupekua mtandao ni stadi inayostahili kufunzwa darasani

MWALIMU wa Historia anapowatuma wanafunzi wa shule ya upili wakatafute mtandaoni sababu zilizofanya mji wa kale wa Gedi kuhamwa, aghalabu huwa amewapa kazi mbili ilhali anadhani amewapa moja. Kazi ya kwanza ni ya Historia. Ya pili ni ya upekuzi wenyewe, na hii kwa kawaida hakuna aliyewafunza.

Matokeo huwa yale yale. Mwanafunzi huandika swali zima, neno kwa neno jinsi mwalimu alivyoliimla, hufungua ukurasa wa kwanza unaojitokeza, hunakili aya mbili na kufunga. Iwapo amekwenda saiba ya mtaani, hata hayo hayafanyi yeye. Mhudumu humpekulia, humchapishia na kumtoza, naye mzazi hulipia kazi ambayo mtoto wake hakuigusa.

Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, mtandao umeenea na gharama yake ikapungua. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, nao umeuorodhesha ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, kumkabidhi mtoto tarakilishi si kumfunza kutafuta, kama ambavyo kumfungulia mlango wa maktaba si kumfunza kusoma. Katika shule ambayo wanafunzi watano hugawana mashine moja kwa kipindi kimoja cha dakika 40, au nyumbani ambako bando hununuliwa kwa shilingi za kuhesabu, anayejua kutafuta hupata jibu ilhali mwenzake anapoteza muda na pesa.

Hasara nyingine ni kubwa zaidi. Kila msimu wa mitihani ya kitaifa, wapo watahiniwa wanaopekua wakitarajia kupata karatasi za mtihani kabla ya siku yake, wakaishia mikononi mwa walaghai wanaouza karatasi bandia. Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) limetoa onyo kuhusu utapeli huo mara kadhaa. Mtoto aliyezoea kuamini chochote kinachotokea juu ya ukurasa ni windo jepesi.

Faharasa, si ulimwengu

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi anapaswa kulielewa ni kwamba anapobonyeza kitufe cha kutafuta, Google haiendi ulimwenguni kumsakia jibu. Kazi hiyo ilikwisha kufanyika. Kuna programu zinazotembea usiku na mchana kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo, zikinakili yaliyomo na kuyapanga katika faharasa kubwa mno, mfano wa ile tunayoiona mwishoni mwa kitabu, inayotaja neno na kurasa linakopatikana. Mtafutaji hupekua faharasa hiyo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1990, Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada, alibuni Archie, mtambo uliokusanya majina ya faili zilizohifadhiwa katika tarakilishi za umma. AltaVista ilifuata mwaka 1995 na kutamba kwa muda. Kisha Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakaanzisha kampuni ya Google mwaka 1998 wakiwa na hoja moja nzito: ukurasa ambao kurasa nyingine nyingi zinauelekezea wasomaji una uzito, na ukielekezewa na ule ambao wenyewe una uzito, unazidi kupanda. Ni kama mtu anayesifiwa kijijini. Kusifiwa na wengi kuna maana, lakini kusifiwa na wazee wanaoheshimika kuna maana zaidi. Siku hizi mitambo hii hupima mambo mengine mengi pia, ila msingi huo ungalipo.

Mwalimu aliyeeleweshwa haya anaweza kuwapa wanafunzi wake tahadhari mbili. Mosi, kisichokuwa katika faharasa hakitapatikana, hata mtu apekue hadi alfajiri. Nyaraka nyingi katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi hazijawahi kuwekwa mtandaoni. Kwa hivyo anayesema kuwa jambo fulani “halipo” kwa sababu hakulipata kwenye simu amekosea. Pili, mpangilio wa majibu hupima uhusiano wa maneno na umaarufu wa ukurasa, wala si ukweli. Isitoshe, yanayotangulia juu kabisa huenda yakawa matangazo yaliyolipiwa. Huwa yamewekwa alama ya kuyatambulisha, ingawa maandishi yake ni madogo na macho ya haraka huyaruka.

Maneno ya anayetafuta na ya aliyeandika

Hapa ndipo penye kiini cha stadi yenyewe. Anayetafuta huandika maneno yaliyo kichwani mwake, ilhali mtambo hulinganisha maneno hayo na yale yaliyo kwenye kurasa. Swali analostahili kujiuliza kabla ya kugusa kibodi ni hili: mtu aliyeandika ukurasa ninaoutaka alitumia maneno gani?

Turejelee mfano wa Gedi. Mwanafunzi akiandika “Gedi” pekee, huenda akaletewa Ein Gedi, chemchemi iliyo kando ya Bahari ya Chumvi nchini Israeli. Anaweza pia kuletewa GEDI, kifaa cha shirika la NASA la Marekani kilichopelekwa angani mwaka 2018 kupima misitu kwa miale ya leza. Akibadilisha tahajia akaandika “Gede”, kwa kuwa mji huo huandikwa hivyo pia, anaweza kukutana na Mlima Gede, volkano iliyo katika kisiwa cha Java nchini Indonesia. Mtambo haujakosea. Neno moja limebeba vitu vinne na mtafutaji hakusema anachotaka.

Tiba yake ni kuongeza neno linalotenga: “Gedi Malindi”, “Gede Watamu”, “magofu ya Gedi”. Mara moja Israeli na Indonesia huondoka. Mwanafunzi akisoma kurasa mbili tatu za mwanzo atakutana na jina la James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeongoza uchimbuzi pale kuanzia mwaka 1948 hadi 1958. Jina hilo ni ufunguo. Akiandika “Kirkman Gedi” atapata kurasa zilizoandikwa na watu wanaoujua uwanja huo, na humo atakutana na maelezo yanayoshindana: kukauka kwa visima, mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini, hatari ya Wazimba, na mabadiliko ya biashara baada ya kuja kwa Wareno. Hapo ataona kuwa swali la mwalimu halina jibu la mstari mmoja.

Kwa maneno mengine, upekuzi wa kwanza haukusudiwi kuleta jibu. Hukusudiwa kuleta maneno ya upekuzi wa pili. Wanafunzi wengi hukata tamaa baada ya jaribio moja wakidhani wameshindwa, ilhali ndio kwanza wameanza. Lau ningeruhusiwa kufunza jambo moja tu katika mada hii nzima, ningefunza hili.

Kwa sisi tunaotafuta kwa Kiswahili pana ugumu mwingine ambao vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa ng’ambo havina habari nao. Lugha yetu huambisha. Kitenzi “hama” huweza kuwa walihama, ulihamwa, kuhama, uhamaji, wahamaji, na mtambo, ambao Kiingereza umekizoea zaidi, aghalabu hautambui kwamba maneno hayo ni ya ukoo mmoja. Vivyo hivyo mwalimu, walimu na ualimu. Mwanafunzi afunzwe kujaribu nomino kabla ya kitenzi, umoja kisha wingi, na visawe pia: magofu, mahame, mji wa kale. Walimu wa Kiswahili wana nafasi nzuri ya kulishughulikia hili, kwa sababu mnyambuliko na ngeli, ambavyo wanafunzi hulalamika kuwa havina faida nje ya mtihani, hapa vina kazi.

Lazima tukiri vilevile kuwa kuhusu mada nyingi, zikiwemo za pwani yetu wenyewe, kilichoandikwa kwa Kiingereza ni kingi zaidi. Mwanafunzi apekue kwa lugha zote mbili, asome kwa ile iliyoleta kitu, kisha aandike kwa lugha ya somo. Kutafsiri kwa maneno yake mwenyewe kutamzuia kunakili.

Alama chache zenye manufaa

Zipo alama ambazo mtambo huzielewa, nazo zinaweza kufunzwa kwa kipindi kimoja. Alama za usemi zikizungushiwa maneno, huutaka mtambo ulete maneno hayo kwa mfuatano huo huo: “magofu ya Gedi”. Alama ya kutoa ikitangulia neno bila nafasi kati yake, huziondoa kurasa zenye neno hilo, mathalani Gedi -Israel. Neno OR kwa herufi kubwa huruhusu tahajia mbili: Gedi OR Gede.

Yenye manufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni site: inayofuatwa na anwani, ambayo huufunga upekuzi ndani ya tovuti moja au kundi la tovuti. Anayetaka hesabu ya watu nchini ataandika sensa 2019 site:knbs.or.ke na kuletewa kurasa za Shirika la Kitaifa la Takwimu lenyewe, lililohesabu Wakenya 47,564,296 mwaka huo, badala ya kubahatisha katika kurasa zilizozungusha tarakimu hiyo hadi milioni 47, 48 au 50. Akiandika site:go.ke atabaki katika tovuti za serikali, na site:ac.ke itamweka katika vyuo. Asidhani, hata hivyo, kuwa mwisho wa anwani ni muhuri wa ukweli. Shirika la Takwimu ni la umma ilhali anwani yake huishia kwa or.ke, nao mwisho wa .org huuzwa kwa yeyote mwenye kadi ya benki.

Kuna kifaa kingine kidogo ambacho watu wengi hawakijui. Mtu akishafungua ukurasa mrefu, akibonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na F ataweza kulisaka neno ndani ya ukurasa huo. Kwenye simu, huduma hiyo imo katika menyu ya kivinjari. Mwaka 2011 Dan Russell, mtafiti wa Google aliyechunguza jinsi watu wanavyotafuta, alieleza kuwa asilimia 90 ya waliochunguzwa nchini Marekani hawakujua mbinu hiyo. Nimewaona wanahabari wenye shahada wakiteremka kurasa 200 za ripoti kwa kidole, wakitafuta jina moja.

Kuuacha ukurasa ili kuupima

Kupata ukurasa ni nusu ya kazi. Mwaka 1998 ilizuka tovuti iliyoeleza habari za pweza anayeishi mitini katika misitu ya kaskazini-magharibi mwa Marekani, pamoja na picha na wito wa kumwokoa asiangamie. Mnyama huyo hayupo. Tovuti ilikuwa mzaha. Katika muongo uliofuata, Donald Leu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Connecticut waliwaonyesha wanafunzi ukurasa huo, na karibu wote wakauamini, licha ya kuwa walihesabiwa miongoni mwa wasomaji hodari.

Wanafunzi hao hawakuwa wajinga. Waliupima ukurasa kwa kuutazama: umepangwa vizuri, una picha, una viungo. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford walichapisha utafiti uliowalinganisha wanahistoria 10 wenye uzamifu, wanafunzi 25 wa chuo hicho, na watu 10 ambao kazi yao ni kuhakiki habari kwenye vyombo vya habari. Walipewa, miongoni mwa mengine, tovuti mbili za madaktari wa watoto zenye majina yanayokaribiana. Moja ni ya chama kikuu cha taaluma hiyo nchini Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1930. Nyingine ni ya kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002. Wanahistoria na wanafunzi wengi walikaa ndani ya tovuti wakiisoma kwa makini kutoka juu hadi chini, na wengi wakapotoshwa na nembo na lugha ya kitaalamu. Wahakiki waliondoka karibu mara moja. Walifungua kurasa nyingine kando, wakatafuta wengine wanasema nini kuhusu kikundi hicho, na ndani ya dakika chache walikuwa wamekitambua.

Somo hilo huwatatiza walimu, maana sote tulifunzwa kuwa msomaji mzuri ni yule asiyeruka mstari. Mtandaoni, kabla ya kuusoma ukurasa kwa makini, mwanafunzi anapaswa kuuacha kwa muda na kuuliza habari zake kwa majirani.

Nitatoa mfano wa kazini. Miaka kadhaa iliyopita taarifa ilifika mezani mwangu ikidai kuwa marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kutunukiwa Tuzo ya Nobel. Nilipomuuliza mwandishi, alinionyesha kurasa tano zilizosema hivyo. Nilichukua sentensi yenyewe, nikaizungushia alama za usemi na kuipekua. Ilijitokeza katika kurasa nyingi mno, ikiwa na maneno yale yale na mkato pale pale. Hawakuwa mashahidi watano. Alikuwa shahidi mmoja aliyenakiliwa. Orodha ya washindi kwenye tovuti rasmi ya tuzo hiyo ilimaliza ubishi: Nadine Gordimer wa Afrika Kusini alipata Nobel ya Fasihi mwaka 1991. Maathai, mwaka 2004, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Nobel ya Amani. Neno “Amani” lilikuwa limedondoka mahali fulani na hakuna aliyeliokota.

Tarehe nayo ina uzito. Ukurasa ulioandikwa mwaka 2020 utasema Kenya ina maeneo saba katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO, na mwaka huo ulikuwa sahihi. Mnamo Julai 2024 mji huo huo wa Gedi uliingizwa katika orodha, yakawa manane. Mwanafunzi anayenakili bila kuangalia tarehe ataandika kosa kuhusu mada aliyotumwa kuitafiti, tena kwa kutumia ukurasa usio na kosa.

Kisha kuna majibu ya akili unde, ambayo Google ilianza kuyaweka juu ya kurasa za matokeo nchini Marekani mwezi Mei 2024 kabla ya kuyaeneza katika mataifa zaidi ya 100 mwaka huo huo. Jibu huja limeandikwa kwa ufasaha, na hilo ndilo linalolifanya liwe la hatari kwa mtoto. Wiki zile za mwanzo, mtu aliyeuliza namna ya kuizuia jibini isiteleze kwenye piza alishauriwa aongeze gundi. Ushauri huo ulitokana na mzaha ulioandikwa na mtu katika ukumbi wa mazungumzo miaka mingi kabla. Kosa hilo lilirekebishwa, ila namna ya kufanya kazi haijabadilika: mtambo hukusanya sentensi za wengine na kuziunga, pasipo kujua mwenye mzaha ni nani na mwenye utaalamu ni nani. Sioni haja ya kuwakataza wanafunzi kuyasoma majibu hayo. Kwa kawaida pana viungo vinavyoonyesha yalikochotwa, na sharti liwe kwamba mwanafunzi hawezi kuandika chochote kutoka hapo kabla ya kufungua kiungo na kukisoma mwenyewe.

Jinsi ya kulifunza somo hili

Shule isiyokuwa na tarakilishi za kutosha isijihurumie. Sehemu kubwa ya mafunzo haya hufanyika ubaoni. Mwalimu aandike swali refu, wanafunzi wafute maneno yasiyo na kazi, wabakize matatu au manne, kisha wataje visawe na tahajia nyingine za kila moja. Anaweza kuchapisha ukurasa mmoja wa matokeo na kuugawa, kila kundi litambue tangazo ni lipi, la serikali ni lipi, la zamani ni lipi, na ni kiungo gani wangefungua kwanza na kwa sababu gani. Zoezi hilo halihitaji umeme. Na kwa kuwa shule nyingi za bweni hupiga marufuku simu, wanafunzi wengi hupekua wakati wa likizo tu, mbali na macho ya mwalimu. Wanachobeba kichwani kutoka darasani ndicho watakachokuwa nacho.

Panapokuwa na mashine, kundi la watu wanne latosha. Mmoja aandike kwenye kibodi, mmoja apendekeze maneno, wa tatu afungue kurasa za kando kwa ajili ya kuhakiki, na wa nne aweke daftari la upekuzi. Wabadilishane nafasi, la sivyo mwenye tarakilishi nyumbani hataiachia kibodi.

Daftari hilo lina safu chache: maneno tuliyoandika, tulichopata, neno jipya tulilojifunza, ukurasa tulioukataa na sababu ya kuukataa, nani aliandika tulioukubali na lini. Mwalimu atoe alama kwa daftari sawa na anazotoa kwa jibu. Aliyeanza na “Gedi”, akaletewa volkano na chombo cha angani, akafika kwa Kirkman katika jaribio la nne, astahili alama nyingi kuliko aliyeleta aya safi isiyojulikana ilikotoka. Mhudumu wa saiba anaweza kumwandikia mtoto insha, lakini akitaka kumwandikia daftari kama hilo itambidi akae apekue kweli, na sidhani kama atakubali kuifanya kazi hiyo kwa bei ya kuchapisha karatasi mbili.